Fomu Mlangoni: Kwa Nini Mimi wa Amu Nasema Wantam

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022, yapata saa nne na nusu, nilibandika karatasi kwenye mlango wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa kisiwani Amu, yaani Lamu. Kusi ilikuwa ikivuma na utepe haukukamata, nikarudia mara mbili. Karatasi ile ni Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo. Niliijaza kwa mkono wangu: majina manne ya waliowania urais, mbele ya kila jina kura zake kwa tarakimu na kwa maneno, kisha kura zilizoharibika, kisha saini yangu na saini za mawakala. Nilikuwa msimamizi wa kituo. Nilikuwa sijala tangu mahamri mawili ya alfajiri, na vidole vilikuwa vinanitetemeka kwa kuhesabu karatasi nyeupe.

Nje walikuwa wakingoja wanaume kumi na kitu, wengine na vikoi viunoni na makoti juu kwa ajili ya baridi. Nilipotoka mlangoni walisogea na tochi za simu. Waliisoma ile fomu kama watu wasomavyo tangazo la msiba, kimya, mstari kwa mstari, mmoja akimsomea mwenzake asiyejua kusoma. Kisha wakapiga picha, wakaniaga kwa adabu, wakaenda zao.

Siku sita baadaye ilitangazwa kwamba William Ruto amepata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo hadharani, mambo yakafika Mahakama ya Upeo, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakasema ushindi ni halali. Niliwaamini. Nilijua fomu yangu ilikuwa sahihi, na fomu za vituo zilikuwa zimewekwa kwenye intaneti kila mtu azione. Niliitafuta yangu nikaiona, na mwandiko wangu mbovu wa saa nne usiku.

Na kuna jambo sijawahi kulisema nje ya nyumba yangu: kura yangu nilimpa Ruto.

Mama yangu aliuza mboga Langoni zaidi ya miaka ishirini. Mchicha, mnavu, majani ya kunde, siku nyingine maembe na ukwaju, mizigo iliyoteremshwa gatini alfajiri ikapandishwa mjini juu ya punda. Alitusomesha kwa mafungu ya shilingi kumi kumi. Alipotokea mgombea anayemtaja mama mboga katika kila jukwaa, anayesema yeye mwenyewe ni hasla aliyeuza kuku kando ya barabara, nilihisi mtu anayeitaka Ikulu amemtaja mama yangu kwa kazi yake. Majirani wengi walikuwa kwa Baba, yaani Raila, na mimi simlaumu mtu kwa hilo, maana Pwani ilimpenda Raila kwa miaka mingi, na alipofariki Oktoba 2025 nililia pamoja nao. Lakini siku ile, ndani ya kijisanduku cha kadibodi, nilimchagua aliyemtaja mama.

Kwa hivyo ninaposema leo Wantam, yaani muhula mmoja tu, kwamba tarehe 10 Agosti 2027 Rais huyu aondolewe kwa kura, sisemi kama mshindwa mwenye kinyongo. Nasema kama mdai.

Huku kwetu mtu akifa, kabla jeneza halijatoka, hutokea mmoja wa jamaa akawaambia waliokusanyika: yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, deni lake tunalibeba sisi. Nimelisikia tangazo hilo tangu utotoni, na kila mara watu hunyamaza kabisa, hata watoto. Deni kwetu si jambo la daftari tu, lina uzito hadi kaburini. Basi tukisema ahadi ni deni hatupambi mazungumzo. Na mwanasiasa anayo siku moja tu ya kuitiwa wadai wake angali hai.

Anza na mafuta. Mtu wa bara husikia bei ya petroli akafikiria matatu. Hapa kila kitu huja kwa chombo. Unga umevuka kutoka Mokowe, gati la bara, mgonjwa huvuka, watoto wa sekondari huvuka, na mvuvi wa Kizingitini au Kiunga haanzi hata kutafuta samaki kabla hajateketeza madumu ya petroli. Siku moja baada ya Rais kuapishwa, Septemba 2022, ruzuku ya petroli iliondolewa. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo lita moja ilifika shilingi 217.36 Nairobi, na sisi wa visiwani bei ya Nairobi huwa tunaisikia tu, kwa kuwa dumu nalo lina nauli yake. Sisemi yote ni yake. Vita vya Ukraine vilipandisha mafuta dunia nzima, na madeni makubwa aliyakuta. Shilingi iliyokaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 ilirudi hadi karibu 129, na hilo nalikubali wazi. Lakini kodi ya mafuta haikuletwa na vita. Ililetwa kwa sheria, na watu waliojua anayeumizwa ni nani, kwa sababu walishinda kampeni nzima wakimtaja.

Halafu bima ya afya, na hapa naomba subira, kwa maana hili ndilo lililonifungua macho. Chini ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, mvuvi au muuza mbaazi alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja SHIF, bima mpya iliyochukua nafasi yake. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wake kwa maswali: nyumba yako ina ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ya nini, choo cha namna gani. Kutokana na majibu hutajiwa mchango wako, na mchango huo ukatakiwa wa mwaka mzima kwa mara moja. (Baadaye ukaletwa mpango wa kukopeshwa ili ulipe polepole, yaani deni juu ya bima.)

Jirani yangu, mwanamke mjane, anakaa katika nyumba ya mawe aliyorithi kwa bibi yake. Matumbawe na chokaa, kuta nene, dari la boriti, zidaka zilizochongwa ukutani ambazo wageni huja kuzipiga picha. Ndani hamna friji. Mchele hupimwa kwa kikombe, na kikombe chenyewe kidogo. Nilikaa naye juu ya mkeka nikimjazia maswali kwenye simu. Tulipofika la ukuta akanitazama usoni.

“Mwalimu, niseme mawe au nisiseme?”

Nikamwambia sema kweli. Kiasi kilichotoka alikitazama kwa muda, akailaza simu kifudifudi, akainuka kwenda kuangalia mbaazi zake jikoni. Hatujalizungumza tena. Aliyetunga maswali yale hakumkusudia ubaya, naamini hivyo. Hakumfikiria tu. Hakufikiria kwamba kuna mji ambao maskini huzaliwa ndani ya kuta za mawe za watu waliokufa zamani, na kwamba mvuvi hupata leo, kesho akakosa, kusi ikichafuka akakaa ufuoni wiki nzima. Serikali iliyoingia kwa jina la watu wasio na mshahara haikukaa na hata mmoja wao ikamuuliza pesa zake huingia vipi.

Haya ya pesa ningeweza kuyasamehe. Nimezoea, sote tumezoea. Lisilosameheka lilianza Juni 2024.

Kijana niliyemfundisha darasa la sita, mtoto wa nyumba ya nyuma yetu, alikuwa mwaka wa pili chuoni Nairobi. Mtoto mpole, wa Kiswahili safi, aliyekuwa akinisahihisha nikikosea tarehe ubaoni. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya mkate, kodi ya mafuta ya kupikia, kodi ya magari. Baadhi ya vipengele viliondolewa kabla ya kupigiwa kura, lakini vijana walikuwa wameshausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, wakaelezana kwa simu zao kwa lugha ambayo hata mama zao waliielewa. Sijapata kuona Kenya mswada ukisomwa na watu namna ile. Mimi kama mwalimu nilifurahi sana.

Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha. Vijana wakaingia hadi ndani ya Bunge. Polisi wakafyatua risasi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai, na hesabu yake ikaendelea kupanda hadi 60. Usiku ule Rais alisema yaliyotokea ni uhaini. Kesho yake akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Sasa fikiria: kama ulikuwa wa kutupwa Jumatano, kwa nini watu walikufa Jumanne?

Kijana wetu alirudi wiki ile ile, basi hadi Mokowe, kisha boti. Alikuwa amevaa ndara za kuazima. Kiatu kimoja kilibaki barabarani Nairobi, cha pili akakitupa. Hakuwa na jeraha. Alikaa barazani kwao siku tatu, akisalimiwa anaitikia, akiulizwa anatabasamu, hasemi. Bendera aliyojifunga mabegani siku ile alirudi nayo ndani ya begi, inanuka gesi. Mama yake aliifua, akaianika ndani badala ya darini, akaifukiza udi, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya leso za harusi yake. Nilimwona akifanya hivyo na sikumuuliza kwa nini. Bendera ya nchi, katika nyumba ya raia, inafichwa kama kitu cha wizi.

Wakaanza kutoweka watu. Tume ile ile ilitoa hesabu ya watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba 2024. Kwanza tuliambiwa hakuna utekaji. Desemba Rais akasema utekaji utakomeshwa. Kisichokuwepo hukomeshwa vipi? Juni 2025 mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa kwao magharibi akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Walisema amejigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alipigwa na kukabwa. Mwalimu. Kila ninapoandika kitu mtandaoni, hata hiki unachosoma, namkumbuka. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Julai, tume ilihesabu vifo 38 kwa siku moja ya maandamano. Siku mbili baadaye Rais alisimama akasema anayechoma biashara ya watu apigwe risasi ya mguu.

Wako wanaoniambia kwamba Rais hakushika bunduki. Kweli hakushika. Lakini yeye ndiye amiri jeshi mkuu, na siku ambayo maneno yake yangeweza kuishusha ile bunduki, aliielekeza mguuni.

Nisipotaja mazuri nitakuwa mwongo, na kuna zuri moja ambalo Amu tunalijua vizuri kuliko Nairobi. Kwa miaka na miaka Mbajuni wa Faza, Mwaweer wa Boni, kijana wa Kiunga, akitaka kitambulisho alipelekwa mbele ya jopo kuhojiwa: babu yako nani, alizikwa wapi, lete wazee watatu wakushuhudie. Wenzake wa bara walipeleka cheti cha kuzaliwa, basi. Nina wanafunzi waliomaliza sekondari wakakaa miaka miwili bila kitambulisho, bila kazi, bila hata kusajili laini ya simu kwa jina lao. Februari 2025 Rais huyu alitia saini amri ya kuliondoa jopo lile katika kaunti za mpakani. Alifanya ambacho waliomtangulia hawakukifanya, na namshukuru kwa moyo wote. Ila nasikia watu wakisema kwa ajili ya hilo tumlipe muhula wa pili, na hapo ndipo ninapokataa. Haki iliyokuwa yetu tangu mwaka 1963 ikirudishwa, aliyeirudisha hupewa asante. Kura ni kitu kingine. Na isitoshe, kijana aliyepata kitambulisho leo ni rika moja na waliopigwa risasi wakiwa na vitambulisho vyao mfukoni.

Jioni moja Mkunguni, chini ya Ngome, nilikaa pembeni mwa baraza nikimngoja mwanangu atoke madrasa. Wazee walikuwa na kahawa chungu na mazungumzo ya siasa. Mmoja akatoa ile methali ambayo huwa ya mwisho katika mazungumzo haya: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Akaongeza, akinitazama mimi, “Mwalimu, hata akiya nani, ndaa ni iyo iyo,” yaani njaa ni ile ile.

Ami mmoja mvuvi, wa Matondoni, aliyekuwa hajasema neno, akaweka kikombe chini. Akauliza, “Chombo ni cha nani?” Wakamwambia chombo kipi. Akasema chombo chochote. Kisha akaeleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua: mwenye chombo ni mmoja, nahodha ni mwingine. Msimu ukiisha huketi wakafanya hesabu, fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la mabaharia. Hesabu isipoelea, nahodha hushuka na mwingine hushika sukani, na hakuna anayesema mwenye chombo amefanya uasi. “Tatizo letu,” akasema, “swiswi (sisi) wenye chombo tumekaa kama mabaharia.”

Nimeyabeba maneno yale. Na yananipa ujasiri zaidi nikikumbuka kwamba mui huu, mji wetu, kabla ya Wakenya, kabla ya Waingereza, kabla haujawa chini ya Zanzibar, uliendeshwa na wazee wa Yumbe, walioketi pamoja wakaamua. Pate walikuwa na masultani wao, Amu ilikuwa na baraza. Kutompa mtu mmoja mji wote si jambo tulilofundishwa na vitabu vya wageni.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu hulipita haraka. Katika Kenya huru hakuna Rais hata mmoja aliyewahi kuondolewa kwa kura akiwa anatetea kiti. Kenyatta alifariki madarakani 1978. Moi alishinda 1992 na 1997, akaondoka 2002 kwa sababu Katiba ilimzuia. Kibaki alitangazwa mshindi 2007 katika matokeo yaliyozozaniwa, akaapishwa jua likizama, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Alitoka 2013 muhula ulipokwisha. Uhuru vivyo hivyo 2022. Kila anayeingia Ikulu anajua historia hii kama anavyolijua jina lake. Anajua akishaingia ana miaka kumi, na uchaguzi wa katikati ni mapumziko tu ya kampeni. Kwa nini basi ajali ahadi? Mimi naamini sehemu kubwa ya matatizo yetu inatoka hapa, kuliko hata tabia ya mtu mmoja.

Nina wasiwasi na walioko upande wa pili, nisifiche. Karibu wote wamewahi kukaa katika serikali hii au zile zilizopita, na mmoja alikuwa naibu wa Rais huyu huyu mpaka alipoondolewa Oktoba 2024. Sitegemei malaika. Ninachotaka ni kwamba atakayeingia baada ya uchaguzi ujao aingie akijua kwamba aliyemtangulia aliondolewa na watu waliopanga foleni, na kwamba foleni hiyo inaweza kurudi.

Wenzetu wameweza. Zambia walimwondoa Kaunda 1991, mwasisi wa taifa aliyekaa tangu 1964. Wakamwondoa Rupiah Banda 2011, wakamwondoa Lungu 2021. Malawi nampenda zaidi, kwa sababu ya fomu. Uchaguzi wao wa 2019 ulimpa ushindi Rais aliyekuwepo, Mutharika, lakini fomu za matokeo zikaonekana zimepakwa Tipp-Ex, wino mweupe wa kufutia, tarakimu zimefutwa na kuandikwa upya. Watu waliandamana kwa miezi. Februari 2020 mahakama ikaufuta uchaguzi, Juni wakarudia, Mutharika akaondoka, akaingia Chakwera. Chakwera naye maisha yakamshinda, bei zikapaa, na Septemba 2025 wakamwondoa kwa kura, wakamrudisha yule yule Mutharika. Najua mtu atasema: na sasa Wamalawi wameshiba? Hawajashiba. Lakini hakuna Rais wa Malawi leo anayelala akidhani muhula wa pili ni wake tayari.

Mtu wa Amu ataniambia kura zetu ni tone baharini. Mwaka 2022 kaunti yetu nzima ilikuwa na wapiga kura zaidi kidogo ya 81,000, na Kenya ilikuwa na 22,120,458. Nikisema hivi darasani wanafunzi hucheka. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 138, haikuishia kwenye wingi wa kura. Ili mtu awe Rais anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Katika hesabu hii ya pili Lamu ni moja na Nairobi ni moja. Kisiwa chetu na bara yetu, Hindi na Mpeketoni na Witu pamoja na Faza na Kiunga, ni kaunti kamili mbele ya sheria.

Na kuna hesabu nyingine iliyonikosesha usingizi. Waliojiandikisha 2022 wakakaa nyumbani siku ya kura ni karibu milioni 7.8. Tofauti kati ya mshindi na wa pili ilikuwa 233,211. Waliolala walikuwa zaidi ya mara 30 ya tofauti ile. Katika daftari la kituo changu niliyaona majina yao, mistari mitupu, mingine ya watu niliowajua, mmoja alikuwa akishona nyavu mita mia kutoka mlangoni pangu. Nilipomuuliza baadaye aliniambia mambo yote yamepikwa Nairobi.

Hilo ndilo jibu ninalotaka kulipigania zaidi ya lolote, maana mimi nilikuwa jikoni. Naijua kazi ile. Masanduku yalifika kituoni kwa boti, chini ya turubai. Nililifungua sanduku la urais mbele ya mawakala, nikalipindua wakaona ni tupu, nikalifunga kwa lakiri, tukaandika namba zake. Jioni nililifungua tena mbele yao. Kila karatasi niliinyanyua juu, nikasema kwa sauti ni ya nani, nikawaonyesha. Penye ubishi tulibishana. Kisha fomu, kisha saini, kisha picha ikatumwa kutoka kwenye kile kifaa, nakala kwa mawakala, nakala mlangoni. Mwizi wa kura anaweza kuja, sikatai, na 2017 mahakama ilifuta uchaguzi mzima wa urais kwa sababu sheria haikufuatwa. Lakini kila wizi baada ya pale lazima upite juu ya fomu ile. Ikiwa mlangoni imesomwa na watu kumi na tochi, wameipiga picha, wizi unakuwa kazi ngumu. Ikiwa mlangoni haijasomwa na mtu, kazi inakuwa nyepesi. Wale wanaume wa vikoi walifanya zaidi kwa ajili ya nchi hii kuliko wengi wanaohutubia.

Kazi ipo ya kufanywa mapema. Tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna kuanzia mwanzo wa 2023 mpaka Julai 2025. Magarini, hapo juu ya Malindi, walikaa zaidi ya mwaka bila mbunge kwa kuwa hapakuwa na wa kuitisha uchaguzi mdogo, mpaka Novemba 2025. Muda wote ule vijana walikuwa wakitimiza miaka kumi na minane na hawana pa kujiandikisha. Uandikishaji ulirudi mwisho wa Septemba 2025. Ukiwa na mtoto nyumbani mwenye kitambulisho na hajajiandikisha, usimngoje mwanasiasa aje kumchukua kwa boti na fulana.

Kijana wetu wa bendera nilikwenda naye mwenyewe. Hakutaka. Aliniambia, “Mwalimu, wenzangu walikuwa na kura na walikufa nayo.” Sikuwa na jibu, na sikulitunga. Nilimwambia tu kwamba mimi nitakuwa kwenye foleni ile, na ningependa awe nyuma yangu. Tukatembea kimya. Alipoweka kidole kwenye kifaa, nilitazama pembeni ili asinione.

Wenzangu walimu wananiuliza kama nitaomba tena usimamizi wa kituo 2027. Malipo yake yananisaidia, na kazi naipenda. Sitaomba. Nimeshaandika hapa, kwa maneno yangu, ninayemtaka aondoke, na mkono ulioandika haya haustahili kuinua kura za watu mbele ya mawakala. Ashike mwingine asiyejulikana anakoelekea. Mimi nitapiga kura yangu mapema, nitarudi nyumbani nikapike, na usiku nitavaa buibui langu na koti juu, nichukue simu iliyojaa chaji, niende nikasimame pale kwenye mlango wa darasa la tatu na wale wanaume, tungoje karatasi ibandikwe.